Kifua kinabana kila ukipiga rangi ya gari? Mwongozo kamili wa kukusanya ushahidi kabla mapafu hayajaharibika

Mafundi rangi wengi wanaokwenda hospitali kwa sababu ya kifua hurudi gereji na jibu moja: mapafu yako safi. Wamepigwa eksirei, wamepuliza kwenye mashine, wamepewa dawa ya kikohozi na vidonge vya aleji. Wiki inayofuata wanapiga klia, ile rangi ya mwisho ang'avu inayopakwa juu, na usiku wanaamka wakitafuta hewa. Wanajaribu hospitali nyingine, na jibu halibadiliki.

Si kwamba mafundi hawa wanasingizia, wala mashine haikukosea. Kipimo kilifanyika siku ambayo kifua kilikuwa kimetulia. Hakuna aliyeuliza ni kemikali gani inatumika kazini, na mgonjwa hakuwa na maandishi ya kuonyesha jinsi pumzi yake inavyopanda na kushuka kufuatana na ratiba ya kazi. Hapa utapitishwa hatua kwa hatua mpaka uwe na maandishi hayo mkononi.

Nimewalenga wapiga rangi za magari, kwa sababu ndio wanaoumia sana. Lakini wewe unayetengeneza magodoro ya sponji, unayemwaga sakafu za epoksi, au unayechomelea vyuma vilivyopakwa rangi, fuata hatua hizihizi. Kitakachobadilika ni jina la kemikali tu.

## Kwanza uelewe kinachotokea mwilini

Rangi za 2K, yaani zinazochanganywa sehemu mbili, hazikauki vizuri bila hadina, kile kikaushio kinachochanganywa na rangi. Ndani ya hadina mna kemikali za jamii ya isosianeti. Molekuli zake ni ndogo, na zikiwa peke yake kinga ya mwili isingezijali. Shida huanza zinapofika kwenye utando wa njia ya hewa, au hata kwenye ngozi: hushikamana na protini za mwili wako mwenyewe na kuzibadilisha sura. Kinga ikiiona protini iliyobadilika huichukulia kuwa ni mgeni, hujifunza kuitambua, na hutunza kumbukumbu.

Wakati kinga inajifunza, wewe husikii kitu. Huenda ikachukua wiki, miezi, au hata miaka kadhaa. Ndiyo maana fundi aliyefanya kazi muda mrefu bila hata kikohozi anaweza kuanza kubanwa ghafla, naye akadhani ni vumbi au hali ya hewa, kwa kuwa "rangi nimeizoea".

Kinga ikishajifunza, kiasi kidogo mno kinatosha kuiamsha. Misuli ya njia ya hewa hukaza, utando huvimba, ute huongezeka. Hiyo ni pumu, na inatoka kazini. Fundi aliyefikia hapo anaweza kubanwa hata kama si yeye anayepuliza, bali mwenzake aliye upande wa pili wa gereji.

Hakuna dawa inayofuta kumbukumbu hiyo. Kinachosaidia ni kutoka kwenye kemikali mapema. Wanaopona vizuri zaidi ni wale wanaoondolewa ndani ya miezi 12 tangu dalili za kwanza. Kwa hiyo usiseme "nitaangalia mwakani".

## Dalili ambazo hazingoji mwongozo

Nenda hospitali sasa hivi kama huwezi kumaliza sentensi moja bila kuvuta pumzi, kama midomo inabadilika rangi kuwa ya kijivu au bluu, kama pampu ya bluu ya kuvuta dawa ya pumu haikupi nafuu, au kama unachoka kiasi cha kushindwa kukaa wima. Mambo ya daftari yatafuata baadaye.

Na hili ulishike mpaka mwisho: usijipime kwa kuvuta mvuke wa hadina makusudi ili uone kama utabanwa. Kipimo cha aina hiyo hufanyika katika hospitali chache zenye wataalamu wa kazi hiyo, kwa kiasi kidogo kilichopimwa, na mgonjwa akiangaliwa kwa saa nyingi. Ukifanya gereji unaweza kufa.

## Vitu vya kuandaa

- Kipima pumzi. Ni kibomba cha plastiki chenye kishale kinachosogea ukipuliza, na namba za lita kwa dakika. Duka la vifaa vya tiba ukiulizia "pikiflo mita" watakuelewa. Nunua cha mtu mzima, na utumie hichohicho mwanzo hadi mwisho, maana vipimo viwili tofauti havisomi sawasawa.
- Daftari na kalamu. Simu inafaa kama nakala, lakini daktari husoma karatasi kwa haraka zaidi.
- Picha za makopo yote unayotumia: rangi, klia, hadina, thina, puti, gundi. Piga pande zote, hasa upande wenye maandishi madogo.
- Karatasi ya usalama ya hadina (*safety data sheet*). Ina sehemu 16. Muuzaji wa rangi anapaswa kukupa, na kampuni nyingi za rangi huziweka kwenye tovuti zao.
- Ratiba yako ya kazi, pamoja na siku za mapumziko, kwa mwezi mzima unaokuja.
- Glavu za naitraili. Zile nyembamba za mpira za hospitali hazitoshi.

## Hatua ya 1: Soma kopo, usiamini harufu

Wengi huanza kwa kulaumu thina, kwa sababu ndiyo inayonuka. Isosianeti huwezi kuitegemea kwa harufu: hewa inaweza kuwa na kiasi cha kukudhuru nawe usinuse chochote. Kiwango cha juu kinachoruhusiwa Uingereza ni miligramu 0.02 kwa mita moja ya ujazo ya hewa, ikiwa ni wastani wa saa 8. Hakuna pua inayoweza kupima hicho.

Chukua kopo la hadina, siyo la rangi, utafute mambo matatu.

Kwanza, neno *isocyanate* au *diisocyanate*. Mara nyingi utaona herufi HDI, aina mojawapo ya isosianeti, kwenye hadina za magari. Kwenye viwanda vya sponji utakuta TDI au MDI.

Pili, alama ya mtu mwenye nyota kifuani, na msimbo H334. Msimbo huo unamaanisha kemikali inaweza kuleta mzio, pumu au shida ya kupumua ikivutwa. H317 unamaanisha inaweza kuleta mzio wa ngozi. Ukiikuta misimbo yote miwili kwenye kopo moja, hiyo ndiyo mshukiwa wako mkuu.

Tatu, namba ya utambulisho wa kemikali, iwapo neno halipo au kopo limeandikwa kwa lugha usiyoijua. Namba hazibadiliki hata nchi ikibadilika: HDI ni 822-06-0, hadina nyingi za HDI iliyounganishwa ni 28182-81-2, MDI ni 101-68-8, na TDI ya mchanganyiko ni 26471-62-5. Kwenye karatasi ya usalama utazikuta sehemu ya 3.

*Angalizo:* hadina inayouzwa kwa kupimiwa kwenye chupa ya maji haina lebo. Rudi kwa muuzaji upige picha kopo kubwa alilomiminia. Akikataa, usiinunue tena. Nalisema hili kwa msisitizo, kwa sababu chupa isiyo na jina ndiyo inayokwamisha kesi nyingi kuliko ugonjwa wenyewe.

*Umefaulu kama* una jina moja au namba moja ya kemikali iliyoandikwa, na picha inayothibitisha.

## Hatua ya 2: Tenganisha muwasho na mzio

Thina, vumbi la msasa na moshi humkera kila mtu. Huo ni muwasho. Mzio ni kazi ya kinga ya mwili, na una tabia zake. Jiulize haya:

Je, wote tunakohoa, au mimi peke yangu? Muwasho huwapata wengi waliomo kwenye chumba. Mzio humchagua mmoja au wawili, huku wengine wakishangaa.

Je, nahitaji kiasi kikubwa ili nipate shida? Kwenye muwasho, dozi kubwa ndiyo shida kubwa. Kwenye mzio, miezi inavyokwenda, kiasi kidogo zaidi kinakutosha.

Shida inakuja saa ngapi? Hapa ndipo wengi wanapopotea. Mzio wa isosianeti unaweza kuja ndani ya dakika chache, lakini mara nyingi huja saa 4 hadi 8 baadaye. Umepiga klia saa 9 alasiri, kifua kinabana saa 4 usiku ukiwa kitandani. Hapo utalaumu feni, blanketi, au ugali wa usiku. Wengine hupata zote mbili, ya mapema na ya usiku.

Nikipumzika inakuwaje? Mwanzoni, siku moja ya mapumziko hutosha kuleta nafuu. Ugonjwa ukikua, Jumapili haitoshi tena, na nafuu huonekana likizoni tu. Kwa hiyo mtu anayesema "hata Jumapili nabanwa, basi siyo kazi" anaweza kuwa ndiye aliyefika mbali zaidi.

Dalili za pua na macho zina thamani pia. Mafua yasiyoisha na macho kuwasha siku za kazi wakati mwingine hutangulia pumu. Ziandike.

*Umefaulu kama* umejibu maswali manne kwa maandishi, ukitaja mwezi ambao kila dalili ilianza.

## Hatua ya 3: Punguza kemikali kuanzia leo

Usisubiri uthibitisho ndipo ujilinde. Daftari litasomeka hata ukiwa umejikinga, kwa sababu kinga iliyojifunza haihitaji kemikali nyingi.

Barakoa ya kitambaa, ya hospitali, na hata ya vumbi ya N95 hazizuii mvuke wa isosianeti. Barakoa yenye makopo ya mkaa hupunguza, lakini mkaa ukijaa hutajua, kwa kuwa hakuna harufu ya kukuonya. Kinachotakiwa kwa kupuliza 2K ni barakoa au kofia inayoletewa hewa safi kwa mpira kutoka kwenye kompresa.

Hewa hiyo nayo iwe safi kweli. Kompresa ya injini ya petroli iliyokaa karibu na mdomo wake wa kuvutia hewa itakuletea kaboni monoksidi moja kwa moja puani. Mdomo wa kuvutia hewa uwe nje, mbali na moshi wa magari, na mpira upitie kwenye chujio la mafuta na maji.

Kosa linalorudiwa kila siku ni kuinua barakoa mara tu bunduki ya rangi inapozimwa, ili kuangalia kama klia imelala vizuri. Wakati huo ukungu bado umejaa hewani hata kama huuoni. Toka nje ukiwa na barakoa usoni, ndipo uivue.

Mambo mengine yasiyopewa uzito:

- Kuchanganya hadina na kuosha bunduki ni sehemu ya hatari, siyo maandalizi tu. Fanya kwenye hewa inayopita, ukiwa na glavu na kinga ya pumzi.
- Hadina kwenye ngozi inaweza kuifundisha kinga hata bila kuvutwa. Mikono mitupu hapana. Glavu zikilowa thina, badilisha papo hapo.
- Ndevu huvunja mshiko wa barakoa ya kubana uso. Zinyoe, au tumia kofia ya hewa isiyobana.
- Hadina iliyoingiwa na maji hutoa gesi ya kaboni dioksidi. Usilifunge kopo lake kwa nguvu, litapasuka.
- Kuchomelea au kukata chuma chenye rangi ya 2K au povu la sponji huachia isosianeti upya. Fundi bodi anaweza kuugua bila kushika bunduki ya rangi hata siku moja. Kwangua rangi kwanza, pembezoni mwa sehemu itakayopata moto.

*Umefaulu kama* kuanzia leo hakuna hadina inayogusa ngozi yako, na hupumui hewa ya chumba wakati klia inapulizwa.

## Hatua ya 4: Andika daftari la pumzi

Hii ndiyo hatua inayobeba kila kitu, na ndiyo wanayoishindwa wengi. Hupima siku tatu, wakachoka, wakabaki na karatasi isiyoonyesha lolote. Jipange kwa wiki 4. Ndani yake lazima ziwemo siku za kazi na siku za mapumziko, na ikiwezekana mapumziko ya mfululizo ya wiki moja au zaidi. Kama gereji hufungwa sikukuu ya Idd, au Krismasi hadi Mwaka Mpya, panga daftari lako lipite katikati ya kipindi hicho. Utapata mapumziko marefu bila kuomba ruhusa.

### Namna ya kupuliza

1. Simama. Rudisha kishale kwenye sifuri.
2. Vuta pumzi hadi mwisho.
3. Bana mdomo kwenye kibomba ili hewa isivuje pembeni, ulimi usizibe tundu.
4. Puliza mara moja, kwa nguvu zote na kwa ghafla. Kinachopimwa ni kasi, kwa hiyo kupuliza kwa muda mrefu hakukuongezei kitu.
5. Soma namba. Rudia mpaka zifike tatu.
6. Andika kubwa kuliko zote, siyo wastani.

Mbili kubwa zikitofautiana kwa zaidi ya lita 40, mpulizo mmoja haukuwa mzuri. Pumzika kidogo, uongeze mwingine.

### Saa za kupima

Pima mara 4 kwa siku, kila siku, ukiwa kazini au nyumbani: unapoamka, katikati ya mchana, unapomaliza kazi, na kabla ya kulala. Kwa fundi wa kawaida hiyo ni saa 12 asubuhi, saa 6 mchana, saa 11 jioni na saa 4 usiku. Ukiamshwa na kifua usiku, pima na uandike saa. Siku za mapumziko usilegeze saa hizo. Ukipima mara 4 siku za kazi na mara 1 Jumapili, daktari hatakuwa na cha kulinganisha.

Kama unatumia pampu ya bluu, pima kabla ya kuivuta, kisha andika kwamba umeivuta. Dawa za kila siku usiache wala usibadilishe dozi bila daktari: dawa ikipanda wiki ya pili, namba zitapanda pia, na hakuna atakayejua ni dawa au ni mapumziko.

### Safu za daftari

Kila siku iwe na mstari wake wenye tarehe, kazi au mapumziko, saa ya kuanza na kumaliza, nilichofanya, namba nne za pumzi, pampu mara ngapi, dalili. Kwenye "nilichofanya" usiandike "kazi". Andika: *saa 8 mchana, klia ya 2K, milango miwili, barakoa ya mkaa.* Hata kama hukupuliza wewe, andika kwamba mwenzako amepuliza na ulikuwa umbali gani.

*Angalizo:* usijaze daftari usiku kwa kukumbuka, na usitunge namba uliyoisahau. Acha pengo. Pengo daktari analielewa, lakini namba za kutungwa huwa laini mno na hulifanya daftari zima litiliwe shaka.

*Umefaulu kama* umefika mwisho wa wiki 4 ukiwa na namba nne kwa siku nyingi, na mapumziko ya siku kadhaa ndani yake.

## Hatua ya 5: Lisome daftari lako

Chukua siku moja ya kazi. Tuseme kubwa ni 480 na ndogo ni 360. Tofauti ni 120. Wastani wa hizo mbili ni 420. Gawanya 120 kwa 420, utapata karibu asilimia 29.

Sasa chukua siku ya mapumziko: kubwa 490, ndogo 460. Tofauti ni 30, wastani 475, ambayo ni kama asilimia 6.

Kwa muda mrefu madaktari wametumia asilimia 20 kama dalili kwamba njia ya hewa inayumba kupita kawaida. Lakini usiabudu namba hiyo moja. Tazama mtindo: je, namba hushuka kadiri wiki ya kazi inavyosonga, kisha zikapanda ukiwa nyumbani? Je, zile za asubuhi baada ya siku ya klia ndizo za chini kuliko zote? Chora grafu kwa mkono, siku za kazi uzipake kivuli kwa penseli. Mtindo ukiwepo, hata mtoto wa shule atauona.

Namba zikiwa chini siku zote bila kupanda, maana zake ziko mbili. Inawezekana ugonjwa hautokani na kazi. Inawezekana pia mapumziko yalikuwa mafupi mno kwa mapafu yaliyokwisha kuathirika. Kabla ya kukata tamaa, tafuta mapumziko ya wiki mbili mfululizo, upime tena.

## Hatua ya 6: Nenda kwa daktari siku sahihi, na maneno sahihi

Panga kwenda mwishoni mwa wiki ya kazi, siku ambayo umekuwa karibu na 2K, siyo katikati ya likizo. Kipimo cha kupuliza mashine kikiwa cha kawaida siku uliyopumzika hakikuondolei pumu. Eksirei ya kawaida nayo haiondoi: pumu mara nyingi haionekani kwenye picha.

Usianze kwa kusema "nina aleji". Ukianza hivyo utatoka na vidonge. Sema, au mpe maneno haya yakiwa yameandikwa:

> Daktari, napiga rangi za magari tangu mwaka fulani. Natumia hadina yenye isosianeti, namba ya kemikali ni hii, na picha ya kopo ni hii. Kifua kilianza kubana mwezi fulani. Siku za kazi naamka usiku, nikipumzika napata nafuu. Hili ni daftari la pumzi la wiki nne. Naomba nichunguzwe kama nina pumu inayotokana na kazi.

Omba kupulizishwa kwenye mashine kabla na baada ya dawa ya kupanua njia ya hewa. Kuna maabara zinazopima kingamwili za isosianeti kwenye damu. Majibu yakiwa na kingamwili hizo, yanaongeza uzito. Yakiwa bila, hayafuti ugonjwa, kwani wagonjwa wengi wa isosianeti hawaonyeshi kitu kwenye damu. Kabla ya kutoa hela nyingi kwa kipimo hicho, lijue hilo.

Usiondoke bila maandishi: utambuzi, jina la kemikali, na ushauri kuhusu kazi. Kama kituo ulichokwenda hakina uzoefu, omba rufaa kwa bingwa wa mapafu katika hospitali ya rufaa ya mkoa, kanda au taifa.

Swali linalokuja sana: niache kazi kwanza, ndipo nipime? Kama mashambulizi ni makali, acha kukaa karibu na 2K leo, uhai kwanza. Kama ni mepesi, ni bora daftari na vipimo vifanyike ukiwa bado kazini, chini ya usimamizi wa daktari, kwa sababu ukishatoka muda mrefu kuthibitisha kunakuwa kugumu zaidi.

*Umefaulu kama* kwenye cheti yameandikwa maneno "kazi" na "isosianeti", siyo "kikohozi sugu" peke yake.

## Hatua ya 7: Mwambie mwajiri kwa maandishi

Peleka barua yenye tarehe, ambatisha nakala ya cheti, na ubaki na nakala iliyosainiwa kwamba imepokelewa. Usitoe daftari halisi. Omba kitu mahususi: kuhamishiwa kazi isiyo na hadina, mbali na anayepuliza. Kuletewa barakoa mpya pekee hakutoshi kwa mtu ambaye kinga yake imeshajifunza.

Tanzania Bara, Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inasimamiwa na OSHA, wakala wa serikali wa usalama na afya kazini, na inamtaka mwajiri awapime afya wafanyakazi wanaoanza kazi na wanaoendelea nayo. Madai ya fidia kwa ugonjwa unaotokana na kazi huenda Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, ulioanza kazi mwaka 2015. Wanaochangia ni waajiri, wewe hukatwi kitu. Kenya, sheria mbili za mwaka 2007 ndizo zinazohusika: ile ya usalama na afya kazini, na ile ya mafao ya majeraha ya kazi ambayo wengi huiita WIBA. Ofisi ya kuendea ni DOSHS, idara ya serikali ya usalama na afya kazini.

Fundi wa kujitegemea, au kibarua asiye na mkataba, ana njia nyembamba zaidi. Kusanya kinachoonyesha kwamba ulifanya kazi pale: miamala ya malipo ya simu, picha za kazi zenye tarehe, mashahidi wawili watatu. Madai ya ugonjwa yana ukomo wa muda, kwa hiyo toa taarifa mara tu unapopata cheti.

## Hatua ya 8: Hakikisha umetoka kweli

Kuhamia "rangi ya maji" kunawadanganya wengi. Rangi ya chini inaweza kuwa ya maji, lakini klia inayofuata juu yake bado ni 2K. Rudi hatua ya 1, soma kila kopo jipya.

Ovaroli ya kazi isilale chumbani kwako.

Ukishahamishwa, andika daftari tena kwa wiki 4, halafu jingine baada ya miezi mitatu. Unachotaka kuona ni namba za asubuhi zinazopanda, pengo la siku linalopungua, na pampu ya bluu inayokaa mfukoni muda mrefu zaidi. Nafuu inaweza kuchukua miezi, na baadhi ya watu hubaki na pumu hata baada ya kutoka. Namba zisipopanda kabisa, mpelekee daktari madaftari yote na umwombe atafute kama kuna kemikali nyingine.

## Kama tatizo ni ngozi

Mzio wa ngozi huchelewa zaidi: upele huja siku moja au mbili baada ya kugusa. Hadina, epoksi, na kromiamu iliyomo kwenye saruji ndizo zinazosumbua sana. Piga picha kila siku, ukiandika ulichogusa siku mbili zilizopita. Kipimo chake ni cha kubandika vipande vyenye kemikali mgongoni. Hutolewa baada ya saa 48, na husomwa tena siku moja au mbili baadaye. Usikubali kisomwe mara moja tu, na usipake krimu ya steroidi mgongoni wiki hiyo. Kaskazini mwa Tanzania, kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilichopo KCMC, Moshi, ni mahali pa kuulizia.

## Na petroli ya kunawia mikono

Kemikali nyingine haziamshi kinga, huipunguza. Petroli ina benzini, na benzini ikiingia mwilini muda mrefu huharibu uboho, mahali seli nyeupe za damu zinapotengenezwa. Inaweza pia kuleta saratani ya damu. Kunawa grisi kwa petroli, au kuinyonya kwa mdomo kwenye mpira, kuache leo. Tumia mafuta ya kula kulainisha grisi, kisha sabuni na maji. Kama umefanya hivyo kwa miaka, omba kipimo cha picha kamili ya damu, na umwambie daktari sababu. Majibu yaweke kwenye bahasha moja na daftari la pumzi, cheti, na picha za makopo, na kila unapokwenda hospitali nenda nayo.